Mutambara: Nyumba zipo, michikichi ni ya nani?

UKITOKA Bujumbura kwa barabara inayoambaa na Ziwa Tanganyika, baada ya kilomita 70 na ushee unaingia Rumonge, mji wa mawese na samaki. Mutambara imo katika tarafa hiyo, ambayo tangu mwaka 2025 iko chini ya mkoa mpya wa Burunga. Ni mahali pa wakulima. Lakini sisi tuliokulia Mishamo, Katumba na Ulyankulu tunalifahamu jina hilo, kwani ndipo kilipojengwa kimojawapo cha vijiji vya amani vya kuwapokea waliorudi wasiojua waende wapi.

Mtu anarudije kwao asijue aende wapi? Jibu liko kwenye mchikichi.

Machafuko ya Aprili 29, 1972 yaligusa kwanza ukanda huu wa Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua watu, kisha serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji dhidi ya Wahutu nchi nzima. Vifo vinakadiriwa kati ya laki moja na laki tatu. Waliopona, wazazi wangu wakiwamo, walikimbilia Tanzania na Zaire ya wakati huo.

Mashamba yao hayakukaa bure. Watu kutoka sehemu nyingine za nchi walipewa baadhi, na mengine yakaingizwa katika mradi wa serikali wa michikichi. Mfanyabiashara wa mawese anajua kwamba mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na huvunwa kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo aliyerudi alikuta mti uliopandwa na mwingine katika udongo uliofyekwa na baba yake. Nani avune?

Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa haki aliyekalia ardhi miaka 30. Piga hesabu: kutoka 1972 hadi 2002. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 nao ukasema mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia ya haki. Kumbe wote wawili, aliyekimbia na aliyekutwa, wana karatasi ya kushika mkononi! Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 mwanzoni ilihimiza watu wagawane. Kuanzia 2011 ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba zima, na hapo ugomvi ukawa mkali. Mimi ni mtoto wa aliyekimbia, lakini nasema wazi: mtu aliyepewa shamba na serikali, akalilima miaka thelathini na kuzikia watoto humo, si mwizi. Fidia ndiyo iliyokosekana.

Zaidi ya watu 50,000 walirejea kutoka makazi yale ya zamani, wengi kati ya 2008 na 2009. Wengine wapatao 162,000 walibaki na kupewa uraia wa Tanzania. Kati ya waliorejea, wasiokuwa na shamba wala kumbukumbu ya kilima cha wazazi ndio waliopelekwa vijijini kama Mutambara.

Hapo nyumba zimepangwa karibu karibu. Kwa Mrundi aliyezoea rugo lake peke yake katikati ya migomba, hilo ni jambo geni. Kwa mtu wa Mishamo si geni hata kidogo. Wakimbizi wa zamani wamekaa pamoja na waliohamishwa na vita vya baada ya 1993 na wenyeji wasio na ardhi, Wahutu na Watutsi, wanachota maji pamoja. Ugomvi wa uani nimeusikia, ila mara nyingi ni wa kuku na mbuzi.

Shuleni ndiko kulikouma. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la sita alikuta kuanzia darasa la tano masomo ni kwa Kifaransa. Wengi walirudishwa madarasa ya chini, vijana wenye ndevu wakakaa dawati moja na watoto wadogo. Wasichana kadhaa niliowafahamu waliacha kabisa. Siku hizi Kiswahili na Kiingereza vinafundishwa, na mwalimu aliyesoma ng'ambo hachekwi tena.

Sokoni lugha hiyo ilishapata kazi mapema. Samaki anayeitwa mukeke Rumonge ndiye mgebuka wa Kigoma, na ndagala ni dagaa. Mama aliyelelewa Tanzania anajua majina yote mawili, hivyo mnunuzi kutoka ng'ambo hampunji kirahisi.

Tatizo ni kwamba biashara hiyo inahitaji mtaji, na mtaji wa Rumonge ni mchikichi. Wengi kijijini hulima mashamba ya kukodi, wanapanda mihogo na maharage. Kupanda mchikichi hawaruhusiwi. Mwenye shamba anakataa kwa sababu anayejua historia ya hapa anajua mti ukishakaa miaka mingi unaleta madai.