Fahamu Namna ya Kujiandaa kwa Mashindano ya Kuogelea ya Maveterani katika Bwawa Usilolizoea

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kauli hiyo inamhusu kwa karibu mtu mzima anayesafiri kwenda kushindana katika bwawa ambalo hajawahi kuliingia. Anaweza kuwa na pumzi nzuri na mazoezi ya miezi mingi, lakini akapoteza sekunde muhimu, au hata kuumia shingo, kwa kutojua urefu na kina cha bwawa hilo.

Mashindano ya maveterani ni ya watu wenye umri wa kuanzia miaka 25. Washiriki hugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano, na umri unaohesabiwa ni ule ambao mtu atakuwa nao Desemba 31 ya mwaka wa mashindano. Mashindano ya dunia ya maveterani yalianza Tokyo mwaka 1986, na mwaka 2025 yalifanyika Singapore. Humo mshiriki huwakilisha klabu yake, si taifa. Nchini, mchezo huu unasimamiwa na Chama cha Kuogelea Tanzania (TSA).

Kwa mkazi wa kata kama Berega, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, suala la bwawa geni lina uzito wa pekee. Berega iko mbali na bahari na maziwa makuu, na aliyejifunza kuogelea mtoni hakuwa na ukuta wa kugeukia wala mstari wa kufuata chini ya maji. Aidha, mito ya Kilosa, ukiwemo Mkondoa, hufurika wakati wa mvua, hivyo haifai kuwa mahali pa mazoezi ya mashindano. Mwenye nia anashauriwa kutenga siku kadhaa za mazoezi katika bwawa lenye vipimo vya mashindano kabla ya kujisajili. Treni ya SGR kutoka kituo cha Kilosa imerahisisha safari ya kwenda Dar es Salaam, ambako klabu za kuogelea zipo.

Urefu wa bwawa

Mabwawa ya mashindano huwa na urefu wa mita 25 au mita 50. Katika mita 100, mwogeleaji wa bwawa fupi hugeuka mara tatu, na kila mara huusukuma ukuta na kupata kasi mpya. Katika bwawa la mita 50 hugeuka mara moja tu. Ndiyo maana muda wake huongezeka, na aliyezoea bwawa fupi huishiwa nguvu katikati ya maji.

Mfano unaokumbukwa ni wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50 kabla ya kufika huko. Alimaliza mita 100 mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 52.72, huku nusu ya pili ikimtesa mbele ya watazamaji. Funzo lililopo ni kuanza kwa kasi ya wastani na kuhifadhi nguvu za kumalizia.

Kina cha maji

Kanuni za shirikisho la michezo ya majini duniani, World Aquatics, zinataka kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya jukwaa la kuanzia. Kina hutofautiana hata katika mashindano makubwa. Bwawa la Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ambamo Watanzania Sophia Latiff na Collins Saliboko walishindana, lilikuwa na kina cha mita 2.15, ilhali kinachopendekezwa ni mita 3.

Anayejirusha kwa pembe kali kwenye maji mafupi anahatarisha kichwa na shingo. Kanuni za maveterani zinamruhusu mshiriki kuanzia jukwaani, kwenye ukingo wa bwawa, au akiwa ndani ya maji kwa kuusukuma ukuta. Asiye na uhakika na achague njia salama bila kuona haya.

Alama zisizobadilika

Pamoja na tofauti hizo, zipo alama ambazo mwogeleaji huzikuta kila bwawa la mashindano. Bendera ndogo hutundikwa juu ya maji mita 5 kutoka kila ukuta. Maboya ya kamba za njia hubadilika rangi katika mita 5 za mwisho, na alama nyingine huwekwa mita 15 kutoka ukutani. Anayeogelea chali na ahesabu, akiwa mazoezini, mikono anayopiga kutoka kwenye bendera hadi ukutani. Hesabu hiyo ataitumia popote aendako, kwa kuwa umbali ni uleule.

Hewa, joto na afya

Bwawa la Kasarani jijini Nairobi, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, lina urefu wa mita 50 na liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Pwani huchoka mapema huko, hivyo ni vyema afike siku kadhaa kabla. Joto la maji ya mashindano hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi. Upimaji wa moyo na shinikizo la damu kabla ya kuanza mazoezi makali ni wa lazima kwa usalama wa mshiriki, hususan mwenye umri mkubwa.

Siku ya kwanza bwawani

Mshiriki na aingie majini kwa kutanguliza miguu, aogelee taratibu kutoka ukuta hadi ukuta, ageuke mara kadhaa pande zote mbili, kisha apande jukwaani kuangalia kama linateleza. Katika bwawa la wazi, atazame jua litakuwa upande gani saa ya shindano lake na kuchagua miwani inayofaa.

Wananchi wanaotaka kushiriki wanaweza kuanza kwa kuwaona maafisa michezo wa halmashauri zao, ambao watawaelekeza namna ya kuwasiliana na TSA na klabu zake.