Dawa ya Kufunga Tumbo: Tuulize Kwanza

Tunapotembelea wagonjwa, mara nyingi tunakuta mtu anahara, na jirani mwema amekwisha kuleta vidonge vya loperamide kutoka famasi ili tumbo lifungwe. Juma hili tueleze kazi ya dawa ile, kwa sababu wengi wanaitumainia kwa jambo isiloliweza.

Loperamide inapunguza mwendo wa matumbo. Ni hivyo tu. Haiui vidudu vilivyoleta ugonjwa, wala hairudishi maji na chumvi ambavyo mgonjwa amepoteza. Ndiyo maana muuguzi anauliza kwanza: Ana umri gani? Kuna damu katika choo? Ana homa? Alikuwa akimeza antibiotiki? Kukiwa na damu au homa kali, anaiweka kando, maana kuzuia matumbo ni kuvifungia vidudu ndani, na tumbo linaweza kuvimba vibaya.

Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe. Mama, hata kama famasi wanakuuzia, kataa. Matumbo yake yanaweza kusimama kabisa, na usingizi unaomshika wazazi wanaudhani ni nafuu. Apewe maji ya SRO, aendelee kunyonya na kula, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajatimiza miezi 6.

Kolera tunaijua sisi wa mashariki ya Congo. Mwezi wa 7 mwaka 1994, katika kambi za wakimbizi pembeni ya Goma, iliua watu kwa maelfu. Choo kinatoka kama maji ya mchele. Ukikizuia, maji yanajaa tumboni, nyumba nzima inafurahi kwamba amepona, kumbe mwili unazidi kukauka. Huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, akinywa SRO njiani. Pakiti ikikosekana: litre 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Sukari isiachwe, ndiyo inayosaidia chumvi na maji kuingia mwilini.

Mtu mzima asiye na homa wala damu anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 2, kisha 1 kila anapohara, bila kupita kipimo cha kwenye boksi. Siku 2 zikipita bila nafuu, aache, aende kupimwa.

Na maombi? Tunamwombea hata kwenye kitanda cha kituo. Tukitoka, tunanawa mikono kwa sabuni.