Mstari Mmoja Usikudanganye: Kipimo cha Korona na Oda za Wateja

Leo siongelei matangazo wala bei. Naongelea mstari mmoja uliokaribia kuniharibia jina.

Jumatatu moja niliamka koo linawasha, pua inatiririka, na oda 11 zinasubiri. Nilikuwa na vipimo viwili vya Korona vya kujipima nyumbani. Nikajipima: mstari mmoja tu, kwenye C. Nikasema aah, mafua haya. Nikafunga mizigo na mama, oda mbili nikapeleka mwenyewe.

Jumatano homa ikapanda. Nikapima tena: mistari miwili. Mama naye kashaanza kukohoa. Mteja mmoja niliyempelekea ana kichanga ndani. Ilibidi nimpigie nimwambie ukweli. Namshukuru Mungu hawakuugua, ila ile simu sitaisahau.

Sasa shika haya:

1. Mstari mmoja siku ya kwanza sio ruhusa ya kwenda kwa wateja. Kipimo hiki kinatafuta protini za kirusi, na mwanzoni zinaweza kuwa chache kisizione. Una dalili? Rudia baada ya saa 48. Huna dalili ila umekaa na mgonjwa? Pima mara 3, kila baada ya saa 48.

2. Angalia tarehe ya kuisha muda na usome maelekezo yote kabla hujafungua. Vipimo vingi vinatakiwa vikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 30, kwa hiyo usiviache juani wala kwenye stoo ya bati.

3. Weka saa. Vingi vinasomwa baada ya dakika 15, ila fuata karatasi ya kipimo chako. Ukiwahi au ukichelewa sana, jibu linaweza kukupotosha. Mstari wa T ukionekana, hata kama umefifia, unayo. Mstari wa C usipotokea, hicho kipimo hakifai, chukua kingine.

4. Hata kama majibu yote hayaonyeshi Korona, mafua nayo yanaambukiza. Vaa barakoa, mwachie mzima afunge mizigo. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda kituo cha afya wakupime kifua kikuu. Ukipumua kwa shida, usisubiri mstari wowote, wahi hospitali.

Na wateja je? Mimi niliwaandikia hivi: "Habari dada, naumwa na sitaki kukuletea ugonjwa. Mzigo wako utachelewa siku chache. Kama huwezi kusubiri, narudisha hela yako leo."

Kati ya wateja 9 waliobaki, wawili walitaka hela yao, nikarudisha siku ileile. Saba walisubiri. Mmoja akaniandikia "pole, pona kwanza", na mpaka leo ananunua kwangu.

Mzigo ukichelewa utaomba radhi. Ukimpelekea mtu ugonjwa nyumbani kwake, utarudishaje?

Mtumie na mwenzako anayefungia mizigo nyumbani. Biashara njema.