Kabla ya kuuza kiwanja kwa saratani ya pafu



Ami yangu alikohoa miezi minne. Alipewa dawa za kifua, mara hizi mara zile, mpaka kikohozi kikaja na damu. Majibu yalipotoka kuwa ni saratani ya pafu, ukoo ulikusanyika. Mmoja akataka kiwanja kiuzwe apelekwe India, mwingine akataka kombe na mwarobaini, wa tatu akasema kemo inaua. Hakuna aliyeuliza ni saratani ya aina gani na imefika wapi. Nami nilikuwa miongoni mwao.

Matibabu hutegemea mambo matatu.

Kwanza, aina. Daktari huchukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara. Kuna saratani ya seli ndogo, inayoenea kwa kasi. Hii mara nyingi hutibiwa kwa kemo, pengine pamoja na mionzi. Na kuna isiyo ya seli ndogo, ambayo huwapata takriban wagonjwa 85 kwa kila 100.

Pili, hatua. Kwa aina hii ya pili, ikiwa bado imo ndani ya pafu tu, upasuaji waweza kuiondoa. Asiyeweza kupasuliwa huchomwa mionzi. Ikiingia kwenye tezi za katikati ya kifua, mara nyingi kemo na mionzi huenda pamoja. Ikishasambaa mwilini, tegemeo huwa dawa: kemo, dawa za kuamsha kinga ya mwili, au vidonge vinavyolenga kasoro ya jeni kama EGFR. Vidonge hivi si vya kila mtu. Lazima kasoro ipimwe kwanza.

Tatu, nguvu za mgonjwa: pumzi, moyo na figo zake.

Kisha muulize daktari bila haya: tunatafuta kuponya, au kumrefushia siku na kumpunguzia mateso? Huduma ya kutuliza maumivu, kama inayotolewa na Coast Hospice hapa Mombasa, si kukata tamaa. Yaweza kwenda sambamba na matibabu.

Ami alikuwa hatua ya nne. Tulipouliza, tukajua safari isingembadilishia kitu. Alipata kemo na morfini, akakaa nasi miezi tisa, akisali kwa kukaa, akafariki kitandani pake. Kiwanja wanawe wanacho.

Kikohozi kikipita wiki tatu, au kikija na damu, usingoje kama tulivyongoja sisi. Allah awaafu wagonjwa wetu, amin.