Nyumba Moja, Nchi Mbili

Mtu akaaye ugenini miaka mingi huulizwa, “Wewe u mtu wa wapi?” Njideka Akunyili Crosby, mchoraji, alizaliwa Nigeria mwaka 1983, mwaka 1999 alikwenda Marekani, akasoma huko, na baadaye akaolewa. Mwaka 2016 picha zake zilionyeshwa London. Ukizitazama kwa mbali, waona chumba, meza, na watu wameketi. Usogeapo karibu, waona kuta na nguo zimejaa picha ndogo ndogo za jamaa zake na za magazeti ya Nigeria. Huzihamisha karatasini kwa dawa iyeyushayo wino, kisha huongeza rangi na kalamu. Basi jibu lake ndilo hili: nyumba ni moja, na ndani yake nchi mbili zimekaa pamoja. Ukiondoa moja, picha si picha tena.