Rasilimali ya Krediti Mia

Katika majira ya baridi ya mwaka 1985, nilipokuwa na umri wa miaka 12 na familia yetu ikiwa na mwaka wa nne tangu kuhamia Portsmouth, ami yangu, ambaye ujanani alikuwa karani wa forodha katika bandari ya Unguja na ambaye mpaka jioni hiyo hakuwa amekitazama kioo cha kompyuta yetu ila kwa jicho la kero, alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai ya tangawizi mkononi, akaisoma safu ya majina na tarakimu iliyokuwa mbele yangu tangu juu hata chini, kisha akauliza, "Vyakula tani moja krediti nne? Wapi huko?"

"Lave, Ami."

"Nawe wavipeleka wapi?"

"Zaonce. Huko ni karibu krediti saba."

Akavuta kiti akakaa.

Mchezo wenyewe uliitwa Elite. Ulitolewa Septemba 1984 na Acornsoft, kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, ile ambayo serikali ya Uingereza ilizichangia shule nusu ya bei yake ili watoto wazoeane na zana za zama zijazo. Waliouandika walikuwa vijana wawili, David Braben na Ian Bell, wanafunzi wa Jesus College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambao walitumia saa nyingi zilizopaswa kuwa za masomo katika kazi ambayo mchapishaji wa kwanza waliyemwendea, Thorn EMI, aliikataa. Wala si ajabu kwamba aliikataa, kwani michezo mingi ya wakati ule ilizaliwa na mashine za sarafu za majumba ya starehe, ambamo mchezaji hupewa roho tatu, akahesabiwa pointi, na baada ya dakika kumi akafa ili mwenye mashine apate sarafu nyingine. Ilhali mchezo huu haukuwa na roho tatu, haukuwa na pointi, haukuwa na mwisho, na badala ya hayo yote ulimpa mchezaji chombo cha angani, nafasi ya shehena tani 20, na fedha krediti 100, ukamwacha gatini kwenye sayari ya Lave aamue mwenyewe.

Rafiki zangu wa shule waliupenda kwa vita. Mimi, na haya nayasema bila ya kuona haya ingawa zama zile niliyaficha, niliupenda kwa biashara, na rai yangu mpaka leo ni kwamba waliousifu kwa nyota na leza walisifu ganda wakaacha kokwa, kwa maana kokwa ya mchezo ule ilikuwa orodha ya bei.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Lave ni nchi tajiri ya kilimo, kwa hiyo vyakula ni rahisi, na Zaonce ni nchi ya viwanda, kwa hiyo vyakula ni ghali na kompyuta ni rahisi. Nahodha mwenye krediti 100 akijaza tani 20 za vyakula kwa krediti 4 kila tani ametumia 80, na akiziuza Zaonce kwa 7 amepokea 140, faida 60, ghairi ya mafuta, ambayo hata tangi likijazwa pomoni hayazidi krediti 14. Sasa anazo kama 150. Tani ya kompyuta Zaonce huwa kama krediti 67, na Lave hukaribia 90. Lakini rasilimali yake bado changa, atamudu mbili tu, na chombo kitarejea kikiwa na nafasi tupu ya tani 18. Huo ndio uchungu wa kila mfanyabiashara mdogo, kuona faida kwa macho na mkono usifike, na ami yangu aliutambua papo hapo bila ya kuelezwa. Siku ya pili aliniletea daftari la shule, akanipigia mistari kwa rula: bei ya kununulia, bei ya kuuzia, mafuta, salio. Jambo moja tu hakulisamehe asilani, nalo ni kwamba katika bandari zote zile hapakuwa na ushuru. "Bandari isiyotoza ushuru," alisema, "hiyo si bandari, ni pwani ya magendo."

Na hapa inanipasa nieleze namna dunia ile ilivyotengenezwa, maana wengi walioucheza hawakujua, na mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima. BBC Micro ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, na kioo na mfumo wa mashine vilipokwisha kuchukua sehemu yao, waandishi walibakiwa na kilobaiti 22 hivi kwa kila kitu: vyombo, vita, soko, na sayari 2,048 zilizogawanywa katika galaksi 8. Msomaji na apige hesabu: hata kama kila sayari ingeandikiwa herufi 20 tu za jina na sifa zake, jumla ingepita herufi 40,000, na mchezo wenyewe ungekosa pa kukaa. Walichofanya vijana wale ni kutoziandika kabisa. Waliweka nambari tatu tu, kila moja ya baiti mbili, na kanuni fupi: nambari ya kwanza itupwe, ya pili ishike mahali pa ya kwanza, ya tatu mahali pa ya pili, na jumla ya zote tatu iwe ya tatu mpya. Kanuni hiyo ikizungushwa mara nne, sayari moja imepatikana. Ikizungushwa tena, inayofuata. Na katika biti za nambari hizo ndimo mlimosomwa serikali ya sayari, uchumi wake, idadi ya watu wake, mahali pake katika ramani na hata jina lake. Sayari haikuwako mpaka uiulizie, na kila ulipoiulizia ilizaliwa upya, ileile, bila ya kukosea hata herufi.

Kanuni hii ni ndugu wa mfuatano wa nambari unaoitwa kwa jina la Fibonacci, na ninapenda kukumbusha kwamba Fibonacci alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Pisa, aliyejifunza tarakimu tunazotumia leo huko Bejaia, katika Afrika ya Kaskazini, kwa Waarabu, na kitabu chake cha mwaka 1202 kilijaa hesabu za bei, vipimo na ubadilishaji wa fedha. Basi hesabu iliyotoka sokoni ilirudi sokoni.

Majina nayo yalisokotwa kwa vipande vya herufi mbilimbili, kama mtoto wa chuoni aungavyo herufi mbele ya mwalimu wake: LA na VE ikawa Lave, DI na SO ikawa Diso, RI na ED na QU na AT ikawa Riedquat, nchi isiyo na serikali ambayo maharamia wake walinifilisi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Hatari ya kuiachia hesabu itunge majina ni kwamba hesabu haina adabu, na inasimuliwa kwamba galaksi moja ilitupwa nzima kwa kuwa mlikuwa na sayari yenye jina la tusi. Aidha, wangeweza kuzifanya galaksi zipindukie trilioni 281, kwa kuwa ndio upeo wa nambari zile tatu, lakini mchapishaji aliwanasihi wasifanye hivyo, kwa rai kwamba wingi kupita kiasi ungefichua siri ya ufundi wenyewe. Zikabaki 8, kwa sababu baiti ina biti 8, na kuhama galaksi hakukuwa ila kuzisogeza biti hatua moja. Ukisogeza mara ya nane umerudi ulikoanzia.

Vyombo vilichorwa kwa mistari mitupu, na vingi vilipewa majina ya nyoka: Cobra, ambacho ndicho chombo cha mchezaji, Python, Viper cha askari, Krait, Mamba. Miezi kadhaa nilijiuliza mamba, mnyama wa mtoni mwenye miguu minne, ametafuta nini katika ukoo wa chatu na swila, mpaka mwalimu aliponieleza kwamba Waingereza kwa jina hilo humkusudia koboko.

Kutia nanga kulikuwa mtihani peke yake. Kituo kilikuwa kama jiwe lililochongwa pande nyingi, linalozunguka daima, na mlango wake ufa mwembamba tu; ilikupasa uupate ubavu wenye mlango, ulingane nao sawasawa, kisha uuzungushe mwili wa chombo kwa mwendo uleule wa kituo hata ufa uonekane umetulia mbele yako. Nusu ya utajiri wangu wa mwezi wa kwanza uliishia katika ukuta ule. Palikuwa na kifaa cha kukuingizia chombo bandarini, kama rubani, kwa krediti 1,500. Na katika toleo la Commodore 64 la mwaka 1985 kifaa hicho kilifanya kazi yake huku kikipiga muziki wa Johann Strauss, wimbo wa mto Danube, jambo lililotutia wivu sisi wenye BBC Micro.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Orodha ya soko ilikuwa na bidhaa 17. Ya kwanza vyakula, ya pili nguo, ya tatu madini yenye mnunurisho, ya nne watumwa. Jioni ile ya kwanza ami aliisoma orodha yote, na jina la nne aliliona, nami niliona kwamba ameliona, lakini hakusema neno. Kwa haki ya waandishi ni lazima isemwe kwamba watumwa, pamoja na dawa za kulevya na silaha, walikuwa bidhaa haramu. Anayetoka bandarini na shehena hiyo huandikiwa kosa na askari humfuata. Walakini bei ilikuwapo, na kitufe cha kununua kilikuwapo.

Wiki kadhaa baadaye, nilipokwisha kununua mtego wa kuokota vitu angani, nilikivunja chombo cha haramia mmoja, kikamtoka kidau kidogo, nikakiokota. Kilikuwa kidau cha kujiokolea: ndani yake, kwa mujibu wa mchezo, mlikuwa na mtu. Nikafungua orodha ya shehena kumwonyesha ami nilichopata. Ilisema: watumwa, tani moja.

"Huyu si ndiye aliyekuwa akikimbia ajali?" akauliza.

"Ndiye, Ami."

"Mwachie."

Nikatafuta njia ya kumwachia. Haikuwako. Mchezo ule, uliojua kusokota sayari 2,048 kwa nambari tatu, haukuwa na amri ya kumwacha mtu huru. Ulijua kumuuza tu, kwa bei ambayo pale Lave haikufika hata krediti 20. Ami yangu alizaliwa Mkunazini, hatua chache kutoka mahali ambapo soko la watumwa la Unguja lilikuwapo hata Sayyid Barghash alipolifunga kwa mkataba wa 1873, na babu yake aliwahi kumsimulia habari za watu walioandikwa katika madaftari kwa vichwa, kama mifugo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kompyuta ikizimwa sasa, bila ya kuhifadhi, yaliyotokea jioni hiyo yatakuwa hayakutokea. Nikamwambia ndiyo, pamoja na faida yote. Akasema basi izime. Nikaizima, na krediti mia saba na ushei zikaenda, nasi tukaanza upya kesho yake tokea pale tulipokuwa tumehifadhi, na tangu siku hiyo kila kidau nilichokiona nilikipisha.

Sitaki kuwatwika vijana wawili wa Cambridge mzigo usio wao; walitunga soko la maharamia, na masoko ya maharamia ndivyo yalivyo. Lakini nasema kwamba orodha hiyohiyo, mbele ya mtoto wa Kiingereza na mbele ya mtoto wa Unguja, si orodha moja.

Yaliyofuata yanajulikana. Ukatoka mchezo wa pili, Frontier, mwaka 1993, na Elite Dangerous mwaka 2014, wenye mifumo ya nyota bilioni 400, wingi ambao nakiri hauniambii kitu. Braben alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu ya kufundishia watoto, na hilo kwangu ni la kushukuriwa kuliko nyota zote hizo. Mimi sikupata kuwa Elite. Daraja hilo la juu kabisa, ambalo ndilo jina la mchezo, halikutolewa kwa mali bali kwa kuvunja vyombo 6,400, na hapo ndipo ninapolalamika hata leo: mtu angeweza kufanya biashara ya halali miaka mitatu, akamiliki kila kifaa kilichouzwa, na bado akaitwa asiye na madhara.

Ami alifariki mwaka 1998, na daftari liko kwangu, limejaa mwandiko wake na wangu. Ian Bell aliyaweka matoleo kadhaa ya mchezo katika tovuti yake mwaka 1999, na leo unaweza kuucheza katika kompyuta yoyote kwa programu inayoiga mashine ile ya zamani. Utajikuta Lave, na krediti 100, na vyakula havijapanda bei. Anza navyo hivyo, uende Zaonce, na Riedquat usiisogelee mpaka upate leza iliyo bora.