Reli Huishi kwa Mzigo

Usafiripo kwa garimoshi kutoka Mwanza kwenda Tabora, kumbuka kuwa si kila reli ya nchi yetu iliyobahatika kudumu.

Njia hii ilifika ufukweni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1928, ikaifanya Tabora kuwa njia panda ya Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam. Iliwakuta wakulima wa Usukuma wakilima pamba, na meli za ziwani zikailetea abiria na shehena.

Kusini mambo yalikwenda kinyume. Mkoloni aliijenga reli ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Ardhi ngumu na mvua haba vikauangusha mradi huo. Mwaka 1951 ukaachwa. Reli ikakosa mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa.

Reli ya Mwanza ilifuata jasho la mkulima. Ile ya Nachingwea ilitangulia mavuno ambayo hayakuja. Mwaka 2021 ujenzi wa reli mpya ya Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa. Uhai wake nao utategemea shamba, ziwa na kiwanda.